Bodie, California: mji wa dhahabu ulioachwa na uzee wake

Anayekwenda Bodie akitarajia waigizaji wenye kofia pana na bastola za maonyesho atarudi amenuna. Hakuna hoteli, hakuna mgahawa, hakuna kituo cha mafuta. Kuna majengo ya mbao zaidi ya 100, yamebaki pale wachimbaji walipoyaacha, na kwetu sisi huu ndio mji wa kale wa magharibi ya Marekani uliotunzwa kwa uaminifu kuliko yote.

Siri iko kwenye namna ya kuutunza. Tangu jimbo la California liuchukue mwaka 1962, mafundi huziba paa, hurudishia vioo na kuimarisha misingi ili nyumba isianguke. Basi. Hawapaki rangi, hawanyooshi ukuta uliopinda. Hoteli ya Swazey imelala upande, imewekewa miti ya kuizuia. Chungulia dirisha la duka la Boone: makopo na maboksi yako kwenye rafu hadi leo, na vumbi lake. Nyumba nyingine zimezibwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kupigwa yakawa bapa, kwa sababu kwenye upepo wa huku juu, mita 2,550 kutoka usawa wa bahari, ubao ukipasuka lazima uzibwe kwa chochote kilichopo.

Dhahabu iligunduliwa hapa mwaka 1859 na W. S. Bodey, ambaye alikufa kwenye dhoruba ya theluji kabla hajaifaidi. Mji ulisinzia hadi mwaka 1875, mgodi ulipoporomoka na kufichua mwamba wenye dhahabu nyingi. Kampuni ya uchimbaji ya Standard iliununua mgodi huo mwaka 1877, na ndani ya miaka michache watu walimiminika kwa maelfu. Moto wa 1892 na ule wa 1932 uliteketeza sehemu kubwa, hivyo unachokiona ni mabaki tu. Mtaa wa Wachina, King Street, karibu umefutika kabisa, na hilo linaumiza, maana historia ya wenye migodi imebaki na kuta zake ilhali ya Wachina wauza kuni na mboga haina.

Usikose kinu cha Standard, kilichoponda mawe na kutoa dhahabu. Cha kwanza kiliungua mwaka 1898, hiki kikajengwa mwaka uliofuata, chenye michi 20 ya chuma. Mhimili unaozunguka huinua kila mchi na kuuachia udondokee mbale, yaani mawe yenye dhahabu, iliyochanganywa na maji. Tope hupita kwenye chujio, kisha huteremka juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, na dhahabu hunasa hapo. Mchanganyiko ule hukwanguliwa na kuchomwa ndani ya chombo kilichofungwa: zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu hubaki. Mchimbaji mdogo wa Geita ataitambua kazi hii mara moja. Umeme wa kinu ulivutwa kilomita 21 kutoka Green Creek mwanzoni mwa miaka ya 1890, jambo la ajabu kwa wakati ule. Ndani huingii bila mwongozaji, na ziara hizo ni za majira ya joto tu, kwa malipo ya ziada. Ukifika, anzia makumbusho uulizie nafasi, kabla hujazunguka kwingine.

Kiingilio ni dola 8 kwa mtu mzima na 5 kwa mtoto. Nunua na kijitabu cha maelezo pale mlangoni. Majengo yana namba lakini mabango ni machache mno, kwa hiyo bila kijitabu utaona mbao tu. Nyumba nyingi ni za kutazama kwa dirishani, basi enda asubuhi kabla mwanga haujaanza kurudi machoni kutoka kwenye vioo. Tenga muda wa saa tatu au nne.

Barabara ya 270, inayokwenda Bodie, ina lami kilomita 16, kisha vumbi kilomita 5 zenye mikunjo kama bati. Gari dogo linapita wakati wa ukavu, mradi uende taratibu. Theluji ikianza kuyeyuka, tope linanasa magari. Majira ya baridi mji haufikiki kwa gari la kawaida. Jaza mafuta Bridgeport au Lee Vining, beba maji ya kutosha, kofia na sweta hata Julai, kwani kivuli hakuna na hewa nyepesi huleta kichwa kuuma. Mtandao wa simu usiutegemee.

Na usiokote kitu, hata msumari wenye kutu au kigae cha chupa. Ni kosa kisheria. Kwenye makumbusho zimewekwa barua za watu waliochukua vitu vidogo kama hivyo, wakavirudisha kwa posta wakiomba radhi.