Kipima unyevu cha yuro 12: nimekijaribu kwa chumvi na dirisha wazi, tazama mpaka mwisho

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu mambo. Karibuni tena. Leo Jumapili, huku Leipzig mvua inanyesha toka usiku, nje digrii 3, na mimi nina furaha maana hali ya hewa kama hii ndio niliyokuwa naisubiri wiki nzima nirekodi hii video. Hiki hapa. Mnakiona? Subirini nikigeuze kidogo, taa inamulika kioo... haya. Kipima unyevu, kinaonyesha hewa ya chumba ina maji kiasi gani. Nimekinunua yuro 12 kasoro senti moja, na kwa miaka minne niliyokaa nchi hii hakuna kitu cha bei hiyo kilichonisaidia kama hiki. Hakuna jamani.

Ukubwa, betri, sijui sumaku ya nyuma, hayo sisemi, vyote vinafanana, twende kwenye jambo lenyewe.

Nilipohamia nyumba hii, baridi ya kwanza, kabati la nguo nililisukuma mpaka likagusa ukuta wa nje, vile tunavyopanga nyumbani ili chumba kipate nafasi. Mwezi wa pili natoa koti, linanuka. Navuta kabati, ukuta wote mweusi, fangasi kuanzia chini mpaka usawa wa goti, na doti ya kanga aliyonipa mama nikiwa nasafiri imejaa madoadoa ambayo mpaka leo hayajatoka. Nikampigia mwenye nyumba, akaja, akatazama hata dakika haijaisha, akasema lile neno ambalo kila mgeni wa Ujerumani analijua, lüften, yaani fungua madirisha. Na mimi nilikuwa nafungua! Kila siku! Iliniuma sana, maana alivyosema ni kama vile mimi ni mchafu, na sikuwa na kitu chochote cha kumwonyesha.

Na sisi tuliokulia Tanga, joto la unyevu tumezaliwa nalo, lakini kule nyumba inapumua, dirisha ni wavu, juu ya ukuta kuna matundu, upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule. Huku dirisha lina mipira pembeni, ukilifunga limefunga, hata tramu ikipita chini husikii. Sasa humo ndani umechemsha maharage saa mbili, umeoga, umeanika nguo sebuleni kwa sababu hakuna pengine, usiku mnalala watatu chumba kimoja mnapumua. Nguo za mashine moja tu, hata zikamuliwe vizuri, zinaweza kuachia kama lita mbili za maji. Yale maji hayapotei, yanautafuta ukuta wenye baridi kuliko zote. Kwangu ulikuwa nyuma ya kabati.

Haya tazameni. Saa hizi kinasoma unyevu asilimia 66, joto 21. Kinatakiwa kiwe kati ya 40 na 60. Na hapa pembeni kuna kisura, mnakiona kimenuna? Hiki kisura nilikichukia siku ya kwanza, nikasema mimi mtu mzima nataka namba, lakini mwanangu ana miaka 6, asilimia hajui ni nini, anakuja jikoni ananiambia mama kimenuna, anaenda mwenyewe kwenye dirisha. Basi nimekipenda.

Sasa mkono wa dirisha, wageni wapya mtazame vizuri hapa. Ukiangalia chini limefungwa. Ukiuweka ulale hivi, linafunguka lote kama mlango. Ukiuelekeza juu, linainama kwa juu tu, linabaki na upenyo. Mimi miaka miwili nilikuwa naweka juu, nalala nalo hivyo, naenda kazini nalo hivyo, najua nafungua dirisha. Kumbe ule upenyo hautoi hewa ya kutosha, kazi yake ni kupoza ukuta wa juu ya dirisha siku nzima, na ukuta ukipoa ndio maji yanakaa pale. Kwa hiyo nalaza mkono, nafungua loote, na la jikoni upande wa pili nimeshalifungua, upepo ukatize. Na hita naizima kwanza, naipeleka kwenye alama ya nyota, maana pale penye namba ndipo penye kipimo cha joto, kikipigwa na baridi kinadhani chumba kimepoa kinaachia moto wote, unapasha barabara. Dakika tano. Saa imeanza.

Najua mtaandika kwenye komenti dada mvua inanyesha unakaribisha maji ndani. Hapana, na hili ndilo lililonifanya nirekodi leo. Hewa ya baridi haibebi maji mengi. Hewa ya digrii 0 ikiwa imeshiba kabisa ina kama gramu 5 za maji kwa mita moja ya ujazo, ya digrii 20 inaweza kubeba kama 17. Hii inayoingia, hata na mvua yake, ikishapashwa humu ndani inakuwa kavu, inaanza kunyonya. Kiangazi ndio kinyume, ukifungua dirisha la stoo ya chini mchana wa joto ndio unaingiza maji.

Tukisubiri, nawaonyesha ya chumvi, ya kujua kama kipimo chako kinasema kweli. Jana usiku nimechukua chumvi ya kawaida ya jikoni, nikailowesha iwe kama tope, maji yasielee juu, nikaiweka kwenye kifuniko cha jemu. Kile cha chupa ya maji nilishindwa, toka 2024 vifuniko vya chupa za plastiki za vinywaji nchi zote za Umoja wa Ulaya vinabaki vimeshikana na chupa, na chupa ukiiharibu unapoteza senti zako 25 unazopewa ukirudisha chupa dukani, sasa ya nini. Nikatia kwenye mfuko wa zipu pamoja na vipimo vitatu, nikafunga, nikalala. Chumvi iliyolowa namna hiyo inafanya hewa ya mle ndani iwe asilimia 75, hiyo ni ya siku zote, haibadiliki. Kwa hiyo kipimo kisichosema 75 kinakudanganya. Asubuhi nafungua: hiki changu 73. Kile nilichopata kwenye pakiti ya vitatu kwa yuro 10, kinasema 68, yaani nyumba inaoza chenyewe kinakenua meno. Na hiki cha tatu, cha yuro 25, kinaunganishwa na simu, kinataka ufungue akaunti, kinataka kujua ulipo, kinasema 81. Yuro 25! Hicho kesho kinarudi dukani, risiti ninayo. Changu nimekibandika karatasi nyuma nimeandika +2, basi, nimemaliza.

Dakika tano, naona vidole havina damu. Nafunga. Kinasoma 59, joto limeshuka mpaka 18. Kosa lake kubwa ndio hili, kizito, kinachukua muda kubadilisha namba, mtu asiye na subira ataona hakifanyi kazi. Narudisha hita kwenye 3, ambayo ni kama digrii 20. Na msiweke 5 jamani, 5 haipashi haraka kuliko 3, inapasha tu mpaka mtoke jasho.

Wakati joto linarudi, habari za chaneli: video za kutafuta nyumba zinaanza mwezi ujao, zitatoka Jumamosi badala ya Jumapili, na wale mnaoniuliza mashine za kukausha hewa, nimeangalia, zinaanzia yuro 150 na zinakula umeme, na umeme huku unit moja ni zaidi ya senti 30. Siwakatazi, kuna nyumba kuta zenyewe mbovu, hapo hata mashine inasaidia nusu tu, nendeni Mieterverein, chama cha wapangaji, kipo karibu kila mji. Lakini kabla hujatoa 150 toa 12 kwanza ujue tatizo lako ni kubwa kiasi gani. Mimi sasa naandika namba asubuhi na jioni kwenye daftari, hili hapa, toka mwezi wa kumi. Akija tena yule baba kuniambia lüften, namfungulia daftari.

Haya, dakika kumi na tano. Tazameni. Joto 20, unyevu 47. Kisura kinacheka! Kutoka 66. Bila kununua mashine, bila umeme wa ziada, mvua inanyesha. Kitapanda kidogo tena mpaka hamsini na kitu maana kuta na makochi vinaachia maji yaliyonywa, kwa hiyo jioni nafungua mara ya pili.

Kabati langu siku hizi liko upana wa kiganja kutoka ukutani. Ningependa nikitundike hiki palepale nyuma, ila Jumapili huku hutoboi ukuta, majirani watakasirikia kelele, nimekibana kwa selotepu mpaka kesho.

Niandikieni namba zenu za chumbani, za asubuhi kabla hamjagusa dirisha, na mji mnaokaa. Aliye na zaidi ya 70 aniandikie leo leo, asisubiri video nyingine.