Krimu ya retinoli yenye "nano": miezi mitatu usoni kwangu

Nianze kwa kukiri hii krimu niliinunua shingo upande, maana retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka) ya kawaida ilishawahi kunibabua, wiki mbili nzima ngozi inabanduka hadi nikawa naogopa kucheka, kwa hiyo nilipoona hii imeandikwa chembe za nano za lipidi, yaani vichembe vidogo mno vya mafuta, nikasema haya, tujaribu tena.

Wiki ya kwanza nilipaka usiku mara mbili tu, kiasi cha punje ya njegere. Haikuniwasha. Nikaongeza, ikawa usiku mmoja napaka mmoja naacha, bado shwari, ukavu kidogo tu pembeni mwa pua. Kilichonisaidia nadhani ni hizo chembe, ni mafuta yaliyoganda, mara nyingi nanomita 100 hadi 300 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), retinoli imefungiwa humo inatoka kidogo kidogo badala ya kukuvamia yote kwa mpigo. Na humo ndani haiharibiki upesi kwa mwanga na hewa.

Ila lebo sasa! Eti "inapenya hadi ndani kabisa". Wapi bwana. Ile ngozi ya juu iliyokufa ina unene wa kama maikromita 10 hadi 20 (maikromita moja ni nanomita elfu) na chembe nzima haziikatizi kirahisi hivyo, nyingi zinabaki hapo hapo juu na kwenye matundu ya vinyweleo, zinaweka utando unaozuia maji yasipotee, ndo maana asubuhi unaamka uso laini. Si inatosha hiyo? Uongo wa nini. Halafu wanaiita teknolojia mpya wakati krimu za chembe hizi zipo sokoni tangu 2005, na liposomu, vile vifuko vidogo vya mafuta vya kubebea viambato, ndo kabisa, 1986.

Kilichoniudhi zaidi ni kopo. Mdomo mpana, kila ukifungua hewa inaingia, sasa umehangaika kuilinda retinoli kwenye chembe halafu unaiweka kwenye sufuria? Mwezi wa tatu yangu ikaanza kuwa punjepunje, mafuta yakiendelea kuganda humo ndani yanaisukuma retinoli nje. Nikiri pia niliiacha dirishani, hilo kosa langu.

Mjamzito usiiguse, nano au si nano, na mchana sanskrini (krimu ya kukinga jua) ni lazima.

Madoa ya chunusi yamefifia, sio kuisha. Wakiihamishia kwenye pampu nanunua tena, kwa kopo hili hapana.