Kamusi ya Cambridge mtandaoni: tazama herufi za pembeni

Haina malipo, ila matangazo yake yanakula bando. Wengi Kampala husoma maana tu wakaifunga, ilhali utamu uko kwenye herufi zilizo kando ya neno. U ni jina lisilohesabika: luggage, equipment, advice. Sisi tunasema mizigo, vifaa, wingi mtupu, ndiyo maana "luggages" hututoka kirahisi. Hair ina U na C, yaani lisilohesabika na linalohesabika: nywele zote za kichwani ni hair, unywele mmoja ulioangukia supu ni a hair. Kwa hiyo saluni usiseme "cut my hairs". T ni kitenzi kinachodai yambwa, yaani kitu kinachotendwa, papo hapo: discuss the price, bila about. Spika za matamshi ni mbili, UK na US; chagua moja.

Inapokwama ni Kiingereza chetu cha Uganda. Kondakta wa teksi akisema "extend", anataka usogee mwenzio akae. Kamusi inakupa kurefusha. "Well done" kwa mtu aliye kazini ni salamu, gyebale ya Kiganda iliyovaa suti. Kamusi inaona pongezi tu. Hayo muulize kondakta.