Dawa za Kilimo Hai kwa Wadudu wa Mimea ya Ndani: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Mche wangu wa kwanza wa pilipili niliouotesha ndani, chini ya taa, ulikufa ukiwa umeshapigwa dawa tatu, na zote tatu zilikuwa za kilimo hai. Ulianza kwa vidoa vyeupe kwenye majani, vidogo kama alama za ncha ya sindano. Nikadhani ni vumbi. Baadaye nikadhani ni njaa, nikauongezea mbolea. Siku nilipoona utando mwembamba kati ya jani na kikonyo, mchezo ulikuwa umekwisha.

Aliyeniulia mche ni utitiri mwekundu, kiumbe wa miguu minane aliye karibu na buibui kuliko na inzi. Dawa ya kwanza niliyokuwa nimenunua ilikuwa ya viwavi. Ya pili ilikuwa ya mabuu ya udongoni. Ya tatu ingefaa, ila niliipuliza mara moja tu, tena juu ya majani, wakati utitiri hukaa chini yake. Hela zilitoka, utitiri ukabaki. Ndiyo maana orodha hii haianzi na dawa.

1. Kioo cha kukuzia na mitego ya gundi

Kioo kidogo cha mfukoni kinachokuza mara 10 kinatosha kwa karibu wadudu wote. Chukua chenye lenzi ya kioo, si ya plastiki, maana ya plastiki huchubuka haraka. Kukitumia kuna namna yake: kisogeze hadi karibu kabisa na jicho, kisha ulete jani kwenye kioo, si kioo kwenye jani.

Halafu chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya tawi, ligonge tawi mara mbili tatu. Yatadondoka mavumbi. Subiri kidogo. Vumbi linalotembea si vumbi. Likitembea polepole na likiwa na madoa mawili meusi mgongoni, ni utitiri. Ukilisugua kwa kidole, huacha mstari kwenye karatasi.

Kikiwa kirefu na chembamba kama kipande cha uzi, tena chenye haraka, ni thiripi. Yeye hukwangua jani likawa na mng'ao wa fedha, na juu yake huacha vitone vyeusi vya kinyesi. Vidukari huna haja ya kuwatafuta kwa karatasi: hujazana kwenye vichipukizi laini, wenye umbo la peasi, na jani la chini yao hunata kwa utomvu mtamu wanaoutoa. Utomvu huo baadaye huota ukungu mweusi kama masizi. Kidukari jike huzaa watoto hai bila kupandwa, kwa hiyo ukimwacha mmoja umeacha ukoo mzima.

Inzi weupe huruka kama unga uliopeperushwa ukitikisa mmea. Vidung'ata hufanana na vipande vya pamba vilivyojibana kwenye maungio ya matawi. Wadudu magamba hufanana na chunusi za kahawia kwenye shina, hawatikisiki, na wengi huwadhania ni sehemu ya mmea mpaka wakwangue mmoja kwa ukucha.

Wale vijinzi weusi wanaorukaruka juu ya sufuria la maua ni habari nyingine: shida yao iko udongoni. Weka kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, siku mbili tatu baadaye kigeuze. Mabuu meupe yenye vichwa vyeusi yatakuwa yamekusanyika hapo chini.

Mitego ya gundi ya njano hunasa inzi weupe, vijinzi na vidukari wenye mabawa. Ya bluu huvutia zaidi thiripi. Usiitegemee kumaliza wadudu. Kazi yake ni kukuambia nani amefika na kama wanaongezeka, hivyo andika tarehe kwenye kila karatasi. Utitiri hauna mabawa, hutaukuta huko.

2. Sabuni ya kuulia wadudu

Ningeruhusiwa chupa moja tu ya dawa, ningechukua hii. Kwenye lebo tafuta maneno yanayomaanisha chumvi za potasiamu za asidi za mafuta. Hiyo ni sabuni ya kweli. Huvuruga ngozi laini ya mdudu, naye hukauka. Inafanya kazi kwa vidukari, utitiri, inzi weupe, tunutu za thiripi na vidung'ata wachanga, na ikishakauka kwenye jani haiachi sumu inayoendelea kuua. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na udhaifu wake pia: mdudu ambaye hakuguswa na tone hajaumia.

Kiwango cha kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, lakini lebo ya chupa yako ndiyo yenye neno la mwisho. Kama maji yako ni magumu, yaani yale yanayoacha gamba jeupe kwenye birika, sabuni itaganda na kuelea kama mtindi uliokatika. Tumia maji ya mvua au yaliyochujwa.

Pulizia chini ya majani hadi yatiririke, taa zikiwa zimezimwa. Rudia kila baada ya siku 4 au 5, angalau mara tatu. Sababu ni mayai: sabuni huyaacha mengi yakiwa mazima, na chumba kikiwa na joto la nyuzi 27 hadi 30, yai la utitiri huweza kuwa jike linalotaga ndani ya wiki moja hivi. Anayepuliza Jumamosi moja kisha akasubiri mwezi amewapa nafasi ya kuzaa upya.

Na sabuni ya kuoshea vyombo? Watu huitumia, na mara nyingine mmea hupona. Lakini nyingi ya hizo ni deterjenti zenye manukato na viondoa mafuta, nazo huondoa nta inayolinda jani. Niliwahi kuunguza rihani nzima kwa kijiko kimoja kilichozidi. Tofauti ya gharama haistahili.

Kwa vidung'ata na magamba wachache, hata sabuni usinunue. Kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, mdudu mmoja mmoja, kinatosha.

3. Wadudu rafiki

Kununua wadudu ili kuua wadudu kunasikika kama kichekesho hadi uone kazi yao. Wakulima wa nyumba za vioo Uingereza walikuwa wakitumia kijinyigu Encarsia formosa dhidi ya inzi weupe tangu miaka ya 1920. Jike hutaga ndani ya tunutu wa inzi, na tunutu huyo hugeuka mweusi. Ukiona magamba meusi chini ya majani, usiyafute.

Kwa utitiri mwekundu wapo wawili wanaouzwa sana, nao pia ni utitiri, ila wawindaji, na kumnunua huyu ukidhani ni yule ni kosa linalouma. Phytoseiulus persimilis ni mlafi anayekula utitiri wa aina hiyo peke yake. Anataka unyevu wa hewa unaozidi asilimia 60, na chakula kikiisha naye anakufa. Mnunue moto ukishawaka. Neoseiulus californicus hula polepole, lakini huvumilia ukavu na huweza kuishi kwa chavua akingoja adui. Huyo ni wa kuweka mapema, kabla ya shida. Thiripi wana mwenzao pia, Neoseiulus cucumeris, ambaye kwenye lebo nyingi bado huitwa Amblyseius. Hula watoto wa thiripi na kuwaacha wakubwa, kwa hiyo usimlaumu wiki ya kwanza.

Kifurushi kikifika, kifungue siku hiyo hiyo na ukiangalie kwa kile kioo chako. Wasipotembea baada ya kupata joto la chumba, umeuziwa makaburi, dai pesa zako. Muuzaji mzuri huandika tarehe ya kufungasha na husafirisha kwa haraka. Asiyeandika tarehe, mpite.

Nimewaweka nafasi ya tatu kwa sababu moja tu: hawakai kabatini. Nyumba yenye sufuria mbili tatu za maua haiwahitaji. Mwenye chumba kizima cha mimea awapandishe hadi ya pili. Sabuni na rafiki hawa wanapatana, mradi upulize kwanza, majani yakauke, ndipo uwaachie.

4. Bti, au minyoo wa udongoni

Hii ni ya vijinzi peke yake. Bti ni bakteria Bacillus thuringiensis aina ya israelensis, iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negevu. Buu huila na utumbo wake huharibika. Angalia neno hilo la mwisho kwenye lebo. Ikiandikwa kurstaki, hiyo ni ya viwavi, na vijinzi vyako vitaendelea kuruka (mimi ndivyo nilivyopoteza hela ya dawa yangu ya kwanza). Mwagilia nayo kila wiki kwa wiki tatu au nne, maana haigusi wakubwa wanaoendelea kutaga.

Minyoo wadogo mno wa aina ya Steinernema feltiae hufanya kazi hiyo hiyo kwa kuwinda. Huuzwa wakiwa hai kwenye unga wenye unyevu, hukaa kwenye friji bila kugandishwa, na hufa kwenye udongo mkavu.

Kabla ya kununua chochote kati ya hivi viwili, acha sentimita 2 au 3 za juu za udongo zikauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Wateja wengi wa dawa hizi wana tatizo la ndoo, si la mdudu.

5. Mafuta ya mwarobaini

Najua wengi wangeuweka wa kwanza. Jina lenyewe linaahidi tiba arobaini. Mimi nauheshimu, ila chupa zinazouzwa kwa jina lake hazifanani. Kiini chake kinaitwa azadirachtini, ambacho humkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga kujivua gamba kwake. Mafuta yaliyokamuliwa bila joto bado yanacho: ni mazito, ya rangi ya kahawia, na harufu yake ni kama ya kitunguu saumu kilicholala. Mengine yamesafishwa hadi kiini hicho kimeondolewa. Hayo hufanya kazi ya kumziba mdudu pumzi tu, sawa na mafuta yoyote ya bustani. Soma lebo. Kama asilimia ya azadirachtini haikutajwa, usilipe bei ya kitu chenye kiini.

Huua polepole, tena huua wadogo kuliko wakubwa. Mafuta huganda kwenye baridi, kwa hiyo tumbukiza chupa kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Yachanganye na sabuni kidogo ili yakubali maji, na utumie siku hiyo hiyo, kwani kiini huharibika kikishaingia majini na kikipigwa na mwanga. Jaribu jani moja, ngoja siku mbili. Usiyakutanishe na salfa, majani yataungua. Na rihani iliyopulizwa mwarobaini utaila na mwarobaini wake.

6. Spinosadi na pareto

Spinosadi hutokana na bakteria aliyepatikana mwaka 1982 kwenye udongo wa kiwanda cha ramu kilichoachwa huko Karibi. Kwa thiripi ni nzuri mno, na hapo ndipo watu hujisahau na kuirudia hadi thiripi wanaizoea. Iweke akiba.

Pareto, unga wa yale maua meupe, huangusha karibu kila mdudu kwa dakika chache, wakiwemo rafiki uliowanunua juzi. Pia ni sumu kali kwa samaki, hivyo si ya chumba chenye tangi lao. Hakikisha haijachanganywa na piperonili butoksidi, kemikali ya kuiongezea nguvu, ambayo si ya kilimo hai. Mwenye paka asikubali kupewa permetrini badala yake: ni ndugu wa pareto wa kiwandani, nayo humwathiri paka vibaya.

Kwa wanaolima bangi ndani, pale sheria inaporuhusu

Orodha ni ile ile hadi maua yaanze, kisha inafupika ghafla. Mafuta na sabuni vikiingia kwenye maua havitoki, na kitu kilicho salama kwa kuliwa si lazima kiwe salama kwa kuvutwa. Myclobutanili, dawa ya ukungu inayoruhusiwa kwenye baadhi ya mazao ya chakula, hutoa gesi ya sianidi ya hidrojeni ikichomwa. Hapa wadudu rafiki ndio wa kwanza, waingie miche ikiwa midogo.

Kuna pia utitiri mmoja wa bangi, Aculops cannabicola, wenye urefu wa takriban milimita 0.2. Kioo cha mara 10 hakiutoshi, tafuta cha mara 60. Dalili yake ni kingo za majani kujikunja kwenda juu.

Acha dukani

Vifaa vya sauti vinavyodai kufukuza wadudu: hapana. Kibibi, yule mdudu mwekundu wa madoa meusi, ni rafiki mkubwa shambani, lakini ukimwachia sebuleni atakwenda moja kwa moja dirishani. Vumbi la diatomu, yaani unga wa mabaki ya mwani wa kale, hufanya kazi likiwa kavu tu, na mimea humwagiliwa. Ukilazimika, usichukue lile la kuchujia mabwawa ya kuogelea, ambalo limechomwa na ni baya zaidi kwa mapafu, na vaa barakoa.

Mwisho kuna chupa kubwa zilizoandikwa "asilia asilimia 100" bila kutaja kilichomo. Penye neno kama hilo tafuta alama ya mkaguzi wa kilimo hai, mfano OMRI ya Marekani, na jina la kiambato na asilimia yake. Visipokuwepo, hata kama kuna picha ya jani la kijani linalong'aa, rudisha chupa rafuni.