Koo la kabureta la injini ya .25: kuingia limeingia, ila...

Nilinunua seti ya koo (kibomba kifupi cha kuingizia hewa), kijiti cha mafuta (kinachomwaga mafuta ndani ya koo) na sindano (ya kupimia mafuta hayo) kwa ajili ya injini yangu ya .25 ya inchi ya ujazo, yaani sentimita za ujazo 4 hivi. Naitumia kwenye ndege ya waya, ile ndege ndogo ya mchezo inayoongozwa kwa nyaya ukiwa umesimama chini, kwa hiyo kabureta yake ya redio yenye ngoma ya kuongeza na kupunguza kasi haikuwa na kazi. Muuzaji aliandika kwamba seti inaingia injini zote za ukubwa huo. Hakudanganya. Ilikaa shingoni kama pete kidoleni.

Chini iliwaka mara moja ikaimba vizuri. Hewani, kila nikiinua pua sauti inapanda, inakuwa kali na kavu, halafu kimya. Mara tatu mfululizo, na ya tatu ikaondoka na propela. Nikalaumu tangi. Nikabadilisha mpira wa mafuta, nikabadilisha hata plagi, masikini, nayo haikuwa na kosa lolote.

Ndipo nikatoa vernia, kile kipimo cha vipenyo, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Tundu la koo ni milimita 7, kijiti milimita 3. Sasa, kijiti hupita katikati ya koo, hewa inabanwa ipite pembeni, na kule kubanwa ndiko kunakovuta mafuta. Piga hesabu: eneo la koo ni kama milimita za mraba 38.5. Kijiti cha 3 kinaziba kama 20.3, zinabaki 18.2. Kijiti cha 4, nilichokuwa nacho kwenye boksi la vipuri, kinaziba kama 26.4, zinabaki 12.1. Yaani kwa kupunguza unene milimita moja tu, mtengenezaji ameongeza njia ya hewa kwa nusu nzima. Nguvu unapata, lakini mvuto umekwisha. Pua ikipanda, tangi likabaki chini, mafuta hayafiki.

Ningeweza kupeleka presha ya eksozi kwenye tangi isukume mafuta, yaishe. Mimi sipendi mpira wa ziada. Nilipanua matundu ya pembeni kwa drili, nikaweka kijiti cha 4 pamoja na sindano yake mwenyewe (usichanganye, nyuzi hazilingani), kitundu cha mafuta kikitazama chini upande wa injini.

Sindano ya seti, hata ningeiacha, ingenisumbua. Nyuzi zake ni pana mno: robo mzunguko inatoka kwenye kutema mafuta hadi kukauka. Tena inacheza, ikabidi niivalishe kipande cha mpira wa mafuta ili isivute hewa. Na hakuna oringi ya shingoni. Nilidondosha mafuta kidogo kwenye kiungio injini ikiwa inanguruma, mlio ukabadilika papo hapo: hewa ilikuwa inaingia. Oringi nimeweka yangu.

Sasa inakwenda ninavyotaka. Ikiruka usawa inapiga nne (mafuta ni mengi, inawaka mzunguko mmoja na kuruka mwingine), nzito na yenye moshi; ikipanda inabadilika na kupiga mbili (inawaka kila mzunguko), kisha inarudi yenyewe.

Koo limechongwa vizuri, ndani laini kabisa, na kwa hilo natoa nyota tatu. Ukiliagiza, mwulize muuzaji unene wa kijiti kwanza. Kile cha seti na sindano yake vimelala kwenye boksi la vipuri.