Rangi za mayai ya Pasaka: kabla hujalipa, angalia kijiko cha waya

Jumamosi Kuu ya mwaka 2025 tulikaa mezani watatu, mimi na wanangu wawili, hapa Minneapolis, tukiwa na dazani mbili za mayai meupe ya kuchemsha. Mnaoishi Marekani mnaukumbuka mwaka ule. Mafua ya ndege yalikuwa yamemaliza mamilioni ya kuku wa mayai, na mwezi Machi wastani wa bei ya dazani moja nchi nzima ulifika dola 6.23. Kwa hiyo kila yai lililokuwa kwenye sufuria yangu nilikuwa nimeshalihesabu: haya ya watoto kupaka rangi, halafu Jumatatu ya Pasaka yanaingia kwenye mchuzi wa nazi, tunakula na wali.

Pakiti ya rangi niliinunua kwenye duka la karibu, pamoja na siki. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi, stika, na kile kijiko cha waya mnachokijua: waya mwembamba uliokunjwa mwishoni ukawa kitanzi, yai linakaa juu yake, mtoto anashika mkia. Mwanangu wa miaka mitano aliliweka yai lake la kwanza pale, akabana pumzi, akaanza kulishusha taratibu kwenye kikombe cha buluu. Nusu ya safari shingo ya waya ikapinda. Yai likabingirika, likagonga ukingo wa kikombe, tak, likatumbukia. Buluu ikaruka mpaka kwenye khanga niliyotandika mezani. Akajaribu tena, ikawa vile vile, na la tatu akakataa kulishika. Jioni nilipokagua, mayai saba kati ya 24 yalikuwa na nyufa. Nilipoyamenya Jumatatu, rangi ilikuwa imepenya, ute umechorwa mishipa ya buluu na kijani. Yalikuwa yanalika, maana rangi ya chakula haidhuru, lakini mdogo hakutaka hata kuyatazama.

Tangu siku ile nikiingia dukani sihesabu rangi zilizomo kwenye pakiti, wala sitazami kama kuna za kumetameta. Natafuta kitu kimoja: mtoto atalishusha yai kwa kitu gani?

Jambo hili watu hawalisemi, na ndilo linaloharibu siku. Yai halina umbo moja, upande mmoja mnene, mwingine umechongoka, kwa hiyo kwenye kitanzi halitulii. Mkono wa mtoto nao hautulii. Waya wa pakiti nyingi ni mwembamba kiasi kwamba uzito wa yai moja unatosha kuupinda, na ukishapinda mara moja hata ukiunyoosha haurudi kama ulivyokuwa. Halafu pakiti nzima ina kijiko kimoja! Watoto wawili, watatu, kijiko kimoja. Ugomvi wote wa mezani unaanzia hapo.

Dawa yake unayo jikoni tayari. Chukua kile kipigio cha mayai chenye nyaya nyingi za kujikunja kama puto. Tanua nyaya mbili kwa vidole, penyeza yai ndani, ziachie. Yai limefungwa humo kama ndege kwenye tundu. Mtoto anashika mpini, anachovya, anageuza, anatoa, na yai halina pa kuangukia. Mwaka uliofuata tulitumia vipigio viwili na hakuna hata moja lililopasuka. Kama huna, kijiko kikubwa cha matundu kinafaa, mradi kikombe kiwe kipana kidogo.

Sasa tuje kwenye kununua, nikipanga kuanzia ninayoipenda.

Ya kwanza kwangu ni rangi za chakula za McCormick, zile chupa nne ndogo kwenye boksi moja: nyekundu, njano, kijani na buluu. Nazipendelea waziwazi. Kwanza hazikuuzii kijiko cha waya. Unanunua rangi, unapata rangi. Pili, maelekezo ya mayai ni mepesi: nusu kikombe cha maji yaliyochemka, kijiko kimoja cha chai cha siki, matone 10 hadi 20, na yai likae kama dakika tano. Tatu, mtoto anahesabu matone mwenyewe. Binti yangu wa miaka minane alikaa na daftari akiandika: kumi za njano na mbili za nyekundu, chungwa; kumi za buluu na tano za nyekundu, zambarau. Kidonge hakikupi nafasi hiyo. Na Pasaka ikiisha chupa zinabaki kabatini, mwezi Julai unazitumia kwenye keki. Lipo pia boksi la rangi kali, la waridi, zambarau, kijani na buluu, ambalo watoto wangu wanalipenda kuliko la kawaida. Mie naona la kawaida linatosha.

Siki msiiache, hata kama harufu inawakera. Kaka la yai ni chokaa, na asidi ya siki ndiyo inayoifanya rangi ishike. Vile viputo vidogo vinavyopanda yai likiingia ni asidi inakula chokaa. Vikiganda sehemu moja vinaacha madoa meupe, ndiyo maana nasema mtoto awe anageuzageuza. Maji yanayochemka mimina wewe mwenyewe, subiri yapoe kidogo, ndipo umwite mtoto.

Ya pili ni PAAS. Hawa ndio wakongwe: mwenye duka la dawa wa Newark, New Jersey, William Townley, ndiye aliyeanza kuuza vidonge hivi miaka ya 1880, pakiti senti tano, na jina lenyewe limetokana na neno la Pasaka la Wajerumani wa Pennsylvania. Rangi zake zinatoka safi, na kidonge kikianza kuchemka ndani ya siki watoto wanainamia vikombe vyote kwa pamoja. Furaha hiyo chupa ya matone haina. Ungeniuliza rangi peke yake, ningeshindwa kuchagua. Lakini kijiko ni cha waya, kwa hiyo iko ya pili. Nunua, kiweke kijiko pembeni, leta kipigio.

Ya tatu ni Eggmazing, mashine ndogo ya betri inayozungusha yai huku mtoto ameshika kalamu ya rangi. Hakuna maji, hakuna siki, hakuna kuchovya, na kwa mtoto mdogo sana ni starehe kubwa kuona mstari unajizungusha wenyewe. Ila bei yake ni mara kadhaa ya pakiti ya vidonge, na wino wa kalamu si rangi ya chakula, kwa hiyo kwangu mayai hayo ni ya mapambo tu. Mayai yaliyofika dola sita dazani mwaka ule wa 2025 kuyafanya mapambo, moyo wangu ulikataa.

Pakiti za bei rahisi kabisa zinapauka na waya wake ndio mbaya kuliko zote. Ziacheni.

Kwa asiyetaka rangi za viwandani kuna jiko. Maganda ya vitunguu yakichemshwa yanatoa wekundu wa udongo, manjano yanatoa njano, na kabichi la zambarau, amini usiamini, linatoa buluu kwenye yai jeupe ukililaza ndani ya maji yake na siki kidogo, usiku kucha, kwenye friji. Mtoto wa miaka mitano hasubiri usiku kucha. Wangu alikwenda kufungua friji mara nne kabla ya kulala, lakini asubuhi alilitoa lile yai kwa mikono miwili.

Na sasa niseme la moyoni kuhusu hawa wauzaji. Vidonge vile vile, kwenye boksi lenye picha ya katuni, bei inapanda karibu mara mbili, na kilichoongezeka ni stika. Boksi ni kubwa, ukilifungua robo tatu ni hewa. Picha ya mbele inaonyesha mayai yenye mistari ya dhahabu ambayo hakuna kitu humo ndani kinachoweza kuitoa. Wiki ya Pasaka mayai meupe yanaisha rafuni, wanakuachia ya kahawia ya bei ya juu, ambayo rangi juu yake inafifia au inageuka nzito. Halafu Jumatatu asubuhi, pakiti zile zile ziko kwenye kapu la nusu bei! Kama faida ilikuwa kubwa kiasi hicho, mngetuuzia bei hiyo Ijumaa Kuu. Mimi sasa nanunua siku hiyo ya Jumatatu kwa ajili ya mwaka unaofuata. Vidonge vikavu havina haraka ya kuharibika.

Jambo lingine, kwa wanaosoma maandishi ya nyuma ya boksi: Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku rangi nyekundu namba 3 kwenye chakula, na viwanda vilipewa hadi Januari 2027 kuiondoa. Kwa hiyo boksi la zamani lililobaki kabatini liangalieni kabla ya kulifungua.

Mayai yakishachemka yasikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, ukihesabu na muda wa kupaka rangi na wa kuyaficha bustanini, na yaliwe ndani ya wiki moja. Yaliyopasuka mezani wakati wa kupaka rangi yatangulie kwenye mchuzi.