Waliniambia "hutahisi chochote" wakihamisha VM zangu

Bado nina hasira naandika hii, mnivumilie. Majuzi kampuni ya klaudi tunayoitumia kazini ilituma ujumbe kwamba wanafanya matengenezo ya seva zao, VM zetu (mashine pepe, kompyuta za kiprogramu ndani ya seva zao) zitahamishwa laivu, yaani zikiwa zinaendelea kufanya kazi, hutahisi chochote. Na kwa nodi za kazi, zile zinazobeba kontena (programu zilizofungashwa), ni kweli kabisa, zilihama zote na hakuna podi (kifurushi cha kontena) iliyoanguka, mpaka nikawa nawasifia kwa wenzangu.

Ikaja zamu ya zile tatu zenye etcd, hifadhidata inayotunza hali ya mfumo mzima, ambapo mmoja ni kiongozi na wenzake wanamfuata. Jamani. VM ikihama laivu memori inakopiwa huku mashine inapiga kazi, kilichobadilika kinakopiwa tena, halafu mwishoni lazima isimamishwe kidogo ili kipande kilichobaki kivuke. Hiyo "kidogo" ndiyo shida, maana etcd usipogusa setingi zake kiongozi anawapigia wenzake hodi kila milisekunde 100, na wakikaa milisekunde 1000 kimya wanaitisha uchaguzi mpya. Sasa wao wakahamisha mbili kwa mpigo! Mbili kati ya tatu! Aliyebaki peke yake hana wingi wa zaidi ya nusu, hawezi kuandika kitu, na mimi nipo katikati ya kupandisha toleo jipya, kila amri naambiwa taimauti, logi zimejaa uchaguzi juu ya uchaguzi, bahati tu kontena zilizokuwa zinatembea ziliendelea kutembea.

Nikafungua tiketi kwa kitengo chao cha msaada, nikaambatanisha logi zote, nikaeleza kwa adabu. Jibu la jamaa wa huko: "Kwetu kila kitu kiko sawa, angalia programu yako." Basi. Hata salamu hakuna, na tiketi kaifunga. Nikaifungua tena nikiuliza swali moja tu, kwa nini mbili kwa pamoja, akaifunga tena bila neno!

Huduma yenyewe kusema ukweli siyo mbaya, kwa nodi za kazi ningewapa nyota nne na ningemwambia mtu yeyote ajaribu. Kwa etcd zima kabisa kuhama laivu, au waandikie mapema wazihamishe moja moja na usubiri ya kwanza itulie, kama watakusikiliza. Nilitaka kuwapa tatu. Lakini nikikumbuka ile tiketi... hapana, moja, na itabaki moja mpaka yule jamaa afungue zile logi azisome.